Kinywa cha Mama Mkwe

Kazi yangu ilikuwa kung'oa meno, na niliipenda. Watu wakisikia hivyo wanakunja uso, lakini hebu fikiria: mtu anakuja ameshika shavu, hajalala, ametukana mke na mbuzi, halafu kidogo tu anatoka nje anakuita papa, yaani baba. Serikali ilinituma Butembo kutoka Kindu kabla ya vita, nikiwa muuguzi kijana. Vita vilipotukuta mshahara ukakatika, mimi nikabaki, maana nilikuwa nimeshaoa. Ukioa kwa Wanande, wenyeji wa huko, huendi popote. Wanakupa shamba kabla hujaomba, na Jumapili baada ya misa wanapita kuangalia kama unalilima.

Kwetu pia tunaheshimu wakwe, lakini si kama kule. Mama mkwe wangu na mimi hatukula pamoja, hatukutazamana usoni, na zaidi ya yote hatukuonana mdomo ukiwa wazi. Akinikuta njiani alivuta kitenge juu ya kichwa, akageukia ukingo wa barabara mpaka nipite. Akiwa na neno kwangu alimpa binti yake, nami nimesimama palepale nasikia kila kitu: "Ambia bwana yako nyumba inavuja." Mimi nikaujibu ukuta: "Ambia mama nimesikia." Mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Baadaye nikaona ni namna nzuri ya kuishi na mtu. Hatukuwahi kugombana.

Alikuwa mtu wa Eringeti, mwenye mashamba yake ya muhogo na kahawa. Risasi zilipofika huko alikuja kwetu, kipande kwa miguu na kipande juu ya lori, kapu kichwani. Tukampa chumba cha nyuma. Watoto wangu walifurahi kupita kiasi, kutwa kucha ni mukaka hivi, mukaka vile, ndivyo wanavyomwita bibi kule.

Siku zile kulikuwa na daktari mmoja wa Kisangani ambaye vita vilimkwamisha mjini mwetu. Alikuwa na swali lililomnyima raha: alitaka kujua kama wazee wenye meno mabovu na fizi zinazotoa usaha wanapoteza akili upesi kuliko wazee wenye vinywa vizima. Akanichukua nimsaidie. Tulipanda na kushuka vilima vya Butembo, nyumba kwa nyumba. Mimi nilitazama kinywa, yeye akapima kumbukumbu. Alimtajia mzee jembe, kuku na ndizi, akaongea naye habari za mvua, kisha akamwomba avitaje tena vile vitu. Aliwauliza pia leo ni siku gani, na nani anatawala nchi.

Hilo la mwisho lilitutia taabu. Mzee mmoja, kibogoyo kabisa, alimtazama daktari, akatazama mlango, akauliza kwa sauti ya chini: "Docteur, unataka jibu ya asubui ao ya mangaribi?" Daktari alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Kuanzia hapo swali lile hatukuliuliza tena.

Wazee walikuwa wanatungoja. Nadhani hakuna aliyekuwa amewauliza kitu kwa muda mrefu, labda kama wanaweza kukimbia. Mama mmoja alinishika mkono nilipomaliza kumtazama, akasema hakuna mtu aliyemchungulia mdomoni tangu mama yake alipokufa. Nikajifanya napanga vifaa.

Nyumbani kwangu, mama mkwe akaanza kupotea. Aliinjika maharage, akaondoka, sufuria ikaungua. Akawaita watoto wangu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa. Asubuhi tulimkuta amefunga kapu lake, anasema anarudi Eringeti kuvuna, wakati Eringeti yote ilikuwa imekimbia. Mara mbili majirani walimrudisha kutoka kwenye barabara ya Beni, inayokwenda huko. Halafu akaacha kula. Bugali wake wa muhogo ulirudi jikoni kama ulivyotoka.

Shemeji zangu wakaja kukaa kikao. Mkubwa wao, mwenye lori la bidhaa za Kasindi, mpakani, ndiye aliyesema walichokuwa wanafikiri wote: "Mama amezeeka, akili imeisha. Tumupeleke kwa shangazi kule mulimani, bamufungie mulango. Ataenda siku moja kwenye barrière ya askari, na bale hapana uliza mara mbili." Hakusema kwa ubaya, alikuwa anafuta macho. Lakini mke wangu alisimama.

"Kumufungia kama mbuzi? Mama aliyekuzaa?"

"Donc weye utamuchunga usiku na mchana?"

Wakapigiana kelele mpaka watoto wakatoka nje. Mwisho wakakubaliana: lori likirudi kutoka Kasindi, mama atapandishwa na kupelekwa mlimani. Mke wangu aliingia chumbani akalia, nami nikamfuata. Namjua yule shangazi. Chumba ambacho mama angefungiwa kwake hakina dirisha.

Ndipo, katikati ya kilio, mke wangu akaniambia kitu kingine. Mama ananuka mdomo. Shavu la kushoto limevimba, analificha na kitenge.

Nilipandwa na hasira. "Na unaniambia leo!"

"Ningekuambia nini? Weye ni mukwe wake."

Alikuwa na haki. Mji mzima ulinifungulia kinywa, na katika nyumba yangu mwenyewe nilikuwa mtu pekee asiyeruhusiwa kujua. Nilitoka mbio kwa daktari. Akanisikiliza, akaniambia kwamba jino lenye usaha linaweza kumtia mzee homa inayovuruga kichwa hata kama ngozi haichomi sana. "Siahidi kitu," akasema. "Pengine ni jino. Pengine akili yenyewe inaondoka. Pengine ni yote pamoja. Mais toa jino kwanza, tuone."

"Siwezi, docteur. Ni mama mkwe wangu."

 Daktari mwenyewe hakuwahi kushika koleo la meno, na mtu mwingine pekee aliyelijua alikuwa Beni, na barabara ya Beni wiki ile ilikuwa imefungwa kwa mapigano. Akanipa dawa ya sindano ya kuanzia. Muuguzi mwenzangu wa kike alikuja kumchoma, uvimbe ukapungua kidogo, lakini mama aliendelea kuongea na watu wasiokuwepo.

Mke wangu alimsihi akubali nimtazame. Mimi nilisimama nje ya mlango wa chumba cha nyuma, koleo mfukoni, nikakohoa ili ajue nipo. Eh Mungu wangu! Mwanamke aliyekuwa amesahau majina ya wajukuu wake mwenyewe alisikia kikohozi changu, akavuta kitenge usoni, akageukia ukuta. "Mukwe wangu iko pale," akamwambia binti yake kwa ukali. "Umutoshe inje." Nikaondoka. Nilitamani kucheka na nilitamani kupiga teke kitu.

Lori lilirudi mchana. Shemeji alikuwa anashusha sabuni mbele ya nyumba, na mimi nilikuwa uani nachemsha vyombo vyangu, kwa kuwa siku zile wagonjwa walinifuata mpaka nyumbani. Mama akatoka chumbani. Kitenge kilikuwa kimeangukia mabegani, kichwa wazi, nywele nyeupe zote nje. Akaja moja kwa moja, akasimama mbele yangu, akanitazama machoni. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kuyaona macho yake. Yalikuwa macho ya mke wangu.

"Muganga," akasema, "jino hii inaniua. Unaweza kuitosha?"

Hakunijua. Nilikuwa mganga tu, mtu yeyote. Nilihisi aibu, nusura nikimbie. Mke wangu alikuwa mlangoni mwa jiko ameziba mdomo kwa kiganja. Akanifanyia ishara kwa kichwa: fanya.

Nilimkalisha kwenye kiti changu, mgongo kwenye ukuta. Akafungua kinywa mwenyewe, kwa utii wa mtoto, na mimi nikachungulia mahali ambapo sikupaswa kuchungulia maisha yangu yote. Gego la chini lilikuwa limeoza mpaka mzizi. Nilikagua sindano ya ganzi mara tatu kabla ya kumchoma, mimi niliyeng'oa meno ya makanali. Alinishika goti, akalibana, macho kwenye kovu la mkono wangu, na jino likatoka na usaha mwingi nyuma yake. Akatema, akapumua, akafumba macho.

"Wasingya, muganga," akasema, ndiyo asante ya Kinande. "Mama yako alikuzaa muzuri."

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, funguo za lori mkononi. Alikuwa ameona yote. Mke wangu akamwambia, "Lori yako inaweza kwenda. Mama anabaki." Naye hakubisha.

Homa ilimwachia. Aliomba uji, kesho yake akaomba uji tena na kulalamika kwamba hauna sukari. Nikasikia kupitia ukuta anawaita watoto wangu kwa majina yao, kila mmoja lake, na kuwagombeza kwa kumkanyagia kapu. Mimi nilikaa mbali. Sikujua angenipokeaje.

Asubuhi moja nilikuwa navuka uani, naye yuko kwenye pipa la maji anachota. Aliniona. Vup! Kitenge juu ya kichwa, mgongo kwangu, uso kwenye ukuta. Jamani, nilirukaruka pale uani. Jirani alichungulia juu ya ua akauliza kama serikali imelipa mshahara.

"Bora zaidi!" nikamwambia. "Mama mkwe amenigeuzia mgongo!"

Akiwa bado ameelekea ukutani, mama alimwita binti yake. "Uliza bwana yako, ni nani alinitosha jino?"

"Ambia mama ni muganga fulani, mugeni tu," nikajibu.

Mama akamimina maji ndooni. "Ambia bwana yako, ule mugeni alikuwa na kovu kwa mukono. Ambia bwana yako alete kuku."

Ndiyo adhabu ya mkwe aliyevunja heshima, kuku. Nilikwenda sokoni nikanunua jogoo ambaye wengine waliogopa bei yake, nikapita naye katikati ya mtaa kila mtu aone. Mke wangu alimpika. Mama alikula paja lake jikoni, mimi nikala langu sebuleni, ukuta katikati, na nilimsikia anatafuna pande zote mbili.

Daktari alipomwona mama alifurahi, lakini alitikisa kichwa. Mtu mmoja si utafiti, alisema, na mama huyu umri wake ni umri wake. Baadaye akapata nafasi katika ndege ndogo iliyotoka uwanja wa Mavivi, akaondoka na makaratasi yake. Sikujua kamwe kama alipata jibu. Wazee wengi tuliowatazama wakati huo walikuwa wameshahama au wameshazikwa.

Mama aliishi nasi vita vyote. Kila jioni binti yake alimsugua meno yaliyobaki kwa agizo langu, agizo lililopita kwenye ukuta kama kawaida, na yeye alilalamika kwamba mkwe wake anamfanya mtoto mchanga. Lakini neno la daktari lilikuwa kweli. Kusahau kulirudi, polepole safari hii, bila homa wala uvimbe. Alipoteza siku za wiki, kisha njia ya kanisani, kisha jina la marehemu mume wake. Kila alipopoteza kitu nilijituliza: bado anafunika uso nikipita.

Mchana mmoja nilikuwa nakula peke yangu sebuleni, bugali na sombe ya majani ya muhogo na kipande cha samaki. Mama akaingia, kichwa wazi. Akavuta kigoda, akaketi kando yangu, bega kwa bega, akachukua tonge kutoka sahani yangu, akachovya, akala. Watoto walishangilia, wakasema mukaka na papa leo wamepatana. Mke wangu alitokea jikoni, akatuona, akaegemea mlango. Machozi yalikuwa yananishuka, na nilimwacha aendelee kula.

Akanitazama, akatabasamu, kinywa wazi.

"Chakula ni kizuri," akasema. "Weye ni mutoto wa nani?"

Nikatoa miiba kwenye samaki, nikamsogezea.

"Ni wako, mama," nikamwambia. "Kula."