Magadi Matamu

Leonida Hhando aliogopa maabara ya kemia kuliko fisi wa korongoni. Si kwamba alikuwa mjinga. Kidato cha nne alifaulu vizuri, ndiyo maana akapata nafasi ya kidato cha tano na cha sita katika shule ya bweni Karatu mjini. Nadharia aliimeza bila shida. Kilichomtoa jasho ni vitendo. Mwalimu Godson, Mchaga mmoja mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyosamehe, alikuwa akiwagawia unga mweupe na kusema, "Hii ni chumvi. Niambieni ni chumvi gani." Maabara si jikoni, humo chumvi ni nyingi, karibu zote nyeupe, na nyingine ni sumu. Leonida akishika testitubu, kile kichupa cha majaribio, alimwaga nusu ya kilichomo hadi wenzake wakamcheka.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, mtihani wa taifa ukiwa mlangoni, aliambulia patupu tena. Wenzake walijaza majibu, yeye akabuni tu. Aibu ikamsukuma kufanya upuuzi: mabaki ya chumvi ile aliyafunga kwenye kipande cha karatasi, akayatia mkobani. Alitaka akayachome nyumbani, pasipo macho ya mtu, kwa sababu chumvi nyingine hujitaja zenyewe zikipata moto. Kesho yake wanafunzi wa karibu waliruhusiwa kwenda kuwaona wazazi, naye akapanda bodaboda hadi kwao Rhotia.

Sasa, mama yake, Martha, alikuwa amemwagiza kitu kimoja tu: apitie sokoni alete magadi. Siku hiyo majirani walikuja kusaidia palizi, na makande ya watu wengi bila magadi ni kuwatafunisha watu kokoto. Leonida alisahau kabisa. Alipofika akatupa mkoba kwenye benchi la jikoni, akabeba ndoo, akatorokea bombani kabla hajaulizwa.

Aliporudi alikuta sufuria kubwa linatokota na mama anakoroga, kakunja uso.

"Haya magadi umenunua kwa nani, mwanangu? Hayatoi povu. Halafu matamu."

"Magadi gani, mama?"

"Si haya ya kwenye mkoba wako."

Kando ya jiko kulikuwa na karatasi iliyokunjuliwa. Leonida aliijua. Akaitua ndoo vibaya na maji yakamwagika.

"Umeyaonja?"

"Nisiyaonje, kwani leo ndiyo naanza kupika? Nimelamba kidole, kama siku zote. Matamu kama yametiwa sukari."

Kulikuwa na chumvi moja ambayo Mwalimu Godson aliwahi kuitaja kwa kupita tu: ni tamu, alisema, na utamu wake ndio hatari yake. Leonida aliikung'uta karatasi ile, chembe chache zikaangukia kwenye kijiko, akatoka nje na kaa la moto. Aliomba ziyeyuke kimya kimya. Chembe zikaalika kama bisi. Ukapanda moshi wa kahawia, akaukwepa, na kwenye kijiko ukabaki unga wa njano. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na jibu la vitendo, na alitamani angekuwa amekosea.

Wakati huohuo wapalizi walikuwa wanaingia uani na majembe begani, wananawa mikono, wanatania kuhusu njaa. Baba yake, Hhando, alikuwa ameshachukua sahani.

"Msile!" Leonida alipiga kelele. "Mama amekula risasi!"

Shuleni vitu hivi wanavisoma kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili hakuwa na neno lingine. Mzee Emilian, jirani yao, alitupa jembe akajilaza chini. Baba alimrukia mkewe, akamgeuzageuza akitafuta damu. Kisha mtu mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata, na mama mwenyewe akacheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Hicho kicheko cha mama ndicho kilichomtia Leonida baridi mwilini.

"Siyo ya bunduki," alisema, na sasa analia. "Ni madini. Ni sumu. Nimeitoa shuleni mimi mwenyewe."

Hhando alilitazama sufuria, akawatazama majirani waliokuwa shambani tangu alfajiri.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, baba."

Makande yote yakafukiwa shimoni, kuku wakafungiwa, na watu wakaenda na njaa zao. Mama akapakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na binti yake.

Hospitalini daktari alitaka jina kamili la hiyo sumu. Ilibidi Leonida ampigie Mwalimu Godson na kusema yote. Mwalimu akamuuliza jambo moja tu.

"Ulijuaje?"

Akamweleza: utamu, kualika, moshi, unga wa njano.

"Ndiyo. Ni nitreti ya risasi. Mpe daktari simu," alisema. "Na Jumatatu uje na mzazi."

Daktari alisema kilicholambwa ni kidogo, lakini walimlaza wamwangalie. Leonida alikaa pembeni ya kitanda akimchungulia mama midomo, kucha, macho. Kila mama alipojishika tumbo, yeye alishika lake. Mama alitoka mzima. Shuleni Leonida aliponea chupuchupu kufukuzwa, na pale Rhotia utani haukuisha: huyo ndiye binti wa Hhando aliyemtwanga mama yake risasi.

Mwezi wa tano, kwenye mtihani wa taifa, alipewa unga mweupe. Akautia kwenye moto. Ukaalika. Wenzake walitoka wakiruka kwa furaha kwamba swali lilikuwa rahisi. Yeye alibaki bombani akiosha mikono hadi msimamizi akamuuliza kama anaumwa.

Alipofika nyumbani mama alikuwa jikoni, ametia magadi kwenye maharage, ya sokoni, yenye povu.

"Walikupa nini?" aliuliza.

"Ileile, mama."

Kidole cha mama chenye magadi kilikuwa kimeshafika nusu ya njia kwenda mdomoni. Alikitazama, akakifuta kwenye kanga.