Aliyenisindikiza Kupanda Hada

Mimi ni muuguzi. Nimewafumba macho watu waliokata roho mikononi mwangu, kisha nikaenda kunywa chai. Si mtu wa kuogopa vivuli. Kwa hiyo ninapokwambia haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, kwenye barabara ya lami wanayopita watu na familia zao wakienda matembezini, nisikilize kwanza ndipo ucheke. Wengi wamecheka. Zuhura peke yake hajacheka.

Zuhura ni Mtanga, anafanya kazi maabara katika hospitali niliyoajiriwa hapa Jeddah. Mimi kwetu Mombasa, Kisauni. Kilichotufanya tuwe mashoga ni baiskeli. Tulianza kwa kuzunguka ufukweni jioni, nguo ndefu na hijabu chini ya kofia ngumu, mpaka miguu ikazoea na tukaanza kutamani milima. Mumewe, Hamdu, ni dereva wa nyumba moja mtaa wa Al-Safa. Ijumaa yake ya mapumziko alikuwa akiazima pikapu, akipakia baiskeli zetu, kisha akitufuata nyuma na maji na mipira ya akiba.

Hada ndiyo tuliyoiota. Ni barabara inayopanda kutoka tambarare kwenda Taif, kona juu ya kona. Upande mmoja ukuta wa jiwe, upande wa pili ukingo wa chuma, na ng'ambo ya ukingo ni korongo tu. Hapa Jeddah, mwendesha baiskeli ambaye hajaipanda Hada haonekani mwendeshaji.

Ijumaa hiyo tuliswali alfajiri njiani, tukafika chini ya mlima kukiwa kumekucha. Ilikuwa majira ya baridi na ukungu ulikuwa umelala juu. Hamdu aliutazama, akasema, "Leo si siku yake. Turudini." Mkewe akamjibu, "Yalla, twende, mume wangu, ukungu ni maji tu." Tukapanda. Mimi mbele, Zuhura nyuma yangu, Hamdu nyuma yake na taa zinawaka na kuzima.

Baada ya kona ya nne ukungu ulinimeza. Nilikuwa naona gurudumu langu la mbele na kipande cha lami, basi. Nikageuka, taa za Hamdu sikuziona. Sikujali, maana kwenye mlima ukisimama miguu hukataa kuanza tena. Nikakanyaga taratibu, gia ya chini kabisa, moyo unanipiga masikioni.

Ndipo nikasikia, "Nimekufikia, shoga."

Zuhura alikuwa kando yangu, upande wa ukingo. Baiskeli yake ya samawati, koti lake la manjano, kofia yake. Nakuapia, hata mkwaruzo wa kofia ulikuwapo, ule alioupata alipoanguka ufukweni. Ningemshuku kwa nini?

Lakini alikuwa hahemi. Kumbuka ule ni mwinuko unaomtoa mtu jasho la mgongo wakati wa baridi. Mimi nilikuwa navuta pumzi kama bata, na yeye anaongea kama mtu aliyekaa mkekani. Mnyororo wa baiskeli yangu ulikuwa unalia, wake sikuusikia. Nyani wa Hada hukaa juu ya ukingo wakisubiri wapitao wawatupie chochote. Tulipowakaribia waliruka barabara wote kwa pamoja, wakaparamia ukuta wa jiwe, wengine wamebeba watoto, na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Niliyaona yote hayo. Nikajiambia kumbe shoga yangu amekuwa na nguvu, na nyani wameogopa gari.

Akaanza kuniuliza maswali.

"Kwenu Kisauni nyumba iko wapi vile?"

Nikacheka kwa pumzi zilizonibakia. "Si nilikuonyesha picha? Nyuma ya msikiti, mlango wa kijani."

"Na mamako, anaishi na nani?"

"Na mdogo wangu Mwanasha. Zuhura, unayajua haya."

"Nakusahaulisha mlima. Wewe sema tu."

Nami nikasema. Kuongea kulinisaidia kweli, zile kona zilipita bila kuzihesabu. Nikamwambia mama huamka saa ngapi, anapenda nini, anaumwa wapi. Nikamwambia Mwanasha hutoka asubuhi kwenda dukani, mama hubaki peke yake. Mwisho akaniuliza, sauti ya chini, karibu na sikio langu, "Na mkiwa wawili tu, mamako hukuita jina gani?"

Hapo nilisita. Ngoja nikueleze kwa nini. Mimi nilitangulia kuota meno ya juu. Kwa wazee wetu wa pwani mtoto kama huyo ni kijego, mtoto wa nuksi, na zamani hakuachwa akaishi. Mama aliwaficha watu wote, hata baba, mpaka ya chini yakatoka. Alipobaki nami peke yetu alikuwa akinibusu na kuniita Kijego wangu. Jina hilo tulilijua yeye na mimi tu. Mwanasha hakulijua. Zuhura sikuwahi kumwambia.

Nikamwambia.

"Kijego," akalirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Kisha akanipita. Hakusimama juu ya kanyagio, hakubadilisha gia. Akaingia kwenye ukungu, kwenye kona ambayo barabara ilipinda kulia, na yeye akaenda moja kwa moja.

Nilipiga kelele, nikaitupa baiskeli, nikakimbilia ukingoni. Ukingo ulikuwa mzima. Chini kulikuwa kweupe tupu, na sikusikia kitu kikianguka.

Sijui nilikaa pale muda gani. Simu yangu iliponasa mtandao iliingia sauti ya Zuhura: "Shoga, nimepata pancha kona ya pili na mpira wa akiba nao mbovu. Tunahangaika hapa. Usifike mbali." Kwa saa iliyoandikwa pale, aliituma kabla hata sijamezwa na ukungu. Baadaye kidogo pikapu ikatokea, Hamdu kwenye usukani, Zuhura kando yake, baiskeli ya samawati nyuma, gurudumu limetolewa. Nikamshika Zuhura uso kwa mikono miwili. Alikuwa anahema kwa kulia, alidhani nimeanguka korongoni.

"Umemwambia nini?" aliniuliza nilipomaliza kumsimulia. Niliinua baiskeli yangu nikaipakia. Hamdu alisoma dua alivyojua kusoma, akageuza gari.

Saa kumi alasiri, tukiwa tumesharudi Jeddah, Mwanasha alinipigia. "Dada, ndiyo nini kuja bila kutuambia? Mama anapika tangu adhuhuri, anasema umefika, umelala, tusikuamshe. Nimefungua chumba sioni mtu."

Nikamwambia ampe mama simu, haraka.

"Mama, ni mimi. Niko Jeddah."

Halafu mamangu, kwa sauti anayowasemeshea watu wa kupita, akasema, "Wewe ni nani? Mwanangu amebisha hodi mwenyewe, akaniita, akanitajia jina lake. Yuko ndani kapumzika. Usipige tena, utamwamsha."

Nilililia ruhusa kazini, ikatoka baada ya wiki tatu. Nilifika Kisauni mchana, nikagonga ule mlango wa kijani. Mama alikuja mpaka nyuma ya mlango na hakufungua. Nilimsemesha yote ninayoyajua. Nilipokwisha, nikaweka mdomo kwenye ufa wa mbao nikamwambia, "Mama, ni mimi, Kijego wako."

Akavuta pumzi. "Hata hilo mmeshalijua?" alisema. "Nenda, mja wa Mungu. Mwanangu ninaye."

Mwanasha ndiye aliyeniingiza. Mama alinipa kiti na maji, akaniita bibi, kama mgeni. Tumeleta masheikh, tumempeleka kwa madaktari. Akili yake timamu, anaswali, anahesabu vizuri, majirani anawajua wote kwa majina. Ila hutenga sahani ya ziada na kuipeleka kile chumba, na Mwanasha ndiye huiosha. Nilimuuliza kama chakula hurudi. Akainamisha kichwa, akasema, "Dada, usiniulize hilo nami bado ninalala humu."

Nimerudi kazini. Baiskeli nilimpa mtu. Zuhura bado ni rafiki yangu, lakini akiniuliza swali lolote, hata kama nimekula, humtazama kwanza kama anahema, kisha ndipo namjibu. Mamangu yu hai Mombasa, ana mabinti wawili nyumbani, na mimi si mmoja wao.

Basi wewe unayependa milima, panda. Lakini ukungu ukishuka, simama, weka mgongo ukutani, subiri gari lenu mpaka ulione kwa macho. Na mwenzako akija akakuuliza jambo ambalo anapaswa kulijua, usimjibu, hata neno moja. Akikasirika mwache akasirike. Ungali una mama anayekufungulia mlango.