Mtamba Aliyepigwa Chapa

Majina ya watu wa ranchi ile ninayo yote kichwani, hata ya wale waliokaa msimu mmoja. Sitayataja. Wana wajukuu sasa.

Mume wangu alikuwa mtu wa josho. Ranchi ilikuwa huko chini, magharibi ya mlima, nyasi mpaka macho yanachoka. Ilianzishwa na wazungu, baadaye ikawa ya serikali. Siku ya josho wachungaji walileta makundi yao kwa zamu, ng'ombe wakapita kwenye lango mmoja mmoja, wakatumbukia kwenye dawa, wakatokea ng'ambo wanachuruzika. Asiye na chapa ya ranchi hakupita. Hiyo ilikuwa sheria.

Kwetu Old Moshi ng'ombe hatoki nje. Tunamkatia majani na migomba, samadi inakwenda kwenye kahawa. Na ng'ombe wako unaweza kumweka kwa mtu mwingine miaka na miaka, akakamuliwa huko, na bado ni wako. Majirani wanajua. Nani aulize alama?

Mtamba tuliyekuwa naye alikuwa wa mama mkwe wangu, mjane. Alimweka kwetu tumtunzie. Hakuwa na kingine cha kujivunia isipokuwa huyo. Sasa yule mtamba akakataa kushika mimba, mume wangu akasema atamshusha ranchini kwenye madume makubwa.

"Ng'ombe wangu hajawahi kuona jua," mama mkwe akasema. "Unampeleka kuota jua kama mzungu?"

"Mama, atarudi na mimba."

"Na asiporudi?"

"Mimi ndiye ninayefungua lango. Atapotelea wapi?"

Huko chini kupe hawana huruma. Ng'ombe wa ndani akikosa dawa, ndigana, homa ya kupe, inammaliza upesi. Meneja wa wakati huo alikuwa mtu mwema, akamwambia mume wangu, "Mpige chapa apite na wenzake. Sote tunajua ni wa mama yako." Mume wangu akaona ni kama kumweka kwa jirani tu. Chuma kikapashwa moto, akampiga kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo ukaja wakati wa kuuza mashirika ya umma, na ranchi nayo ikapata mnunuzi. Dawa ya josho ikachelewa, halafu ikawa haiji kabisa, ng'ombe wakaogeshwa maji ya matope. Siku niliyoshuka kumpelekea mume wangu ndizi nilikuta wanaburuta ndama waliokufa kwa kamba, mmoja juu ya mwingine shimoni. Harufu ile ilikaa kwenye kitenge changu hata nilipokifua. Mtamba wetu alikuwa hai, tena ana mimba.

Meneja alishahamishwa. Siku hiyohiyo watu wapya walikuwa wanahesabu mali ya kumkabidhi mnunuzi. Mume wangu akamwendea mkubwa wao, kijana mwenye viatu safi.

"Huyu ni wa mama yangu."

"Ana chapa ya nani?"

"Ya ranchi, lakini..."

"Basi, mzee."

Wachungaji wawili wakasema ni kweli, ni wa mama yake. Yule kijana akacheka. "Nyie Wachaga! Kesho mtaniambia na trekta ni la shangazi."

Watu wakacheka. Hata mmoja wa wale mashahidi alicheka, nilimwona.

Nikamwita mtamba kama tunavyoita nyumbani. Akaja mpaka kwenye uzio, akalamba mkono wangu.

"Mama, hata mimi nikishika ganda la ndizi atakuja," yule kijana akasema.

Ng'ombe wenye mimba walitakiwa kwenye lori, waende shamba jingine la mnunuzi. Wengine walipandishwa kwa fimbo na matusi. Zamu ya wetu ilipofika, lango lilikuwa mkononi mwa mume wangu.

"Fungua, mzee."

Akafungua. Hakumpiga. Alimwekea mkono mgongoni, naye akapanda mwenyewe, maana ng'ombe wa ndani hufuata mkono.

Tulipanda mlima. Kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, mume wangu akakata isale, lile jani letu la kuombea msamaha, akalifunga fundo. Mama yake alikuwa anamenya ndizi. Mume wangu alimpa isale kwa mikono miwili, akamweleza yote.

Isale halikataliwi. Mama mkwe akalipokea, akaliweka pembeni ya maganda.

"Nimepokea," akasema. Akaendelea kumenya. "Na ng'ombe wangu umemwacha kwa nani?"