Yowe Lililomkuta Mwaisha Ndani

Mwaisha alizaliwa Pangani, na huko alifunzwa mapema kwamba kishindo kikianza mtaani, mwanamke hufunga mlango. Basi mwaka 1981, alipohamia Didia, kijiji cha Wasukuma, kumfuata mumewe Akida, fundi cherehani aliyezunguka na minada, akasikia kwa mara ya kwanza yowe lao la kuitana, alifanya vile alivyolelewa. Alitia komeo, akamkumbatia mwanawe Maulidi mpaka kelele zikaisha. Ng'ombe walikuwa wameibwa, na kijiji kizima, wake kwa waume, kilitoka mbio kasoro yeye.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwitikia salamu. Kisimani walimpisha bila kumtazama. Hata Limi, jirani aliyekuwa akimgawia kaa la moto kila asubuhi, sasa alimgeuzia shingo. Akida naye alikuwa safarini Geita. Mwaisha hakujua kosa lake, na asiyejua kosa lake huogopa kila kitu: nyayo za mpita njia, kikohozi, hata ukimya wenyewe. Alishaamini kwamba watu hawa watamdhuru mwanawe.

Adhuhuri moja alikuwa uani akianika nguo, upepo ukarusha cheche za mafiga kwenye paa la nyasi, likawaka. Maulidi alikuwa ndani, amelala. Mwaisha alikimbilia mlangoni, moshi ukamrudisha nyuma. Akapiga yowe, huku moyo ukimwambia kwamba hatakuja mtu.

Walikuja. Limi alitangulia, mikono imejaa unga, akajitosa ndani akamtoa mtoto. Wengine wakaliangusha paa kwa majembe.

"Mbona mmekuja?" Mwaisha aliuliza akilia.

"Mwano haununiwi, mayu," alisema Limi. Mwano ndilo yowe lenyewe kwa Kisukuma, na mayu ni mama. "Ila wetu ulipolia, wewe ulijificha. Mumeo hashindi nyumbani. Tukasema labda wezi ni watu wenu. Tukakuogopa."

"Mimi? Kwetu mwanamke anayekimbilia kishindo ndiye anayesutwa. Nilikuwa ninawaogopa ninyi."

Limi akamkabidhi Maulidi.

Mwezi haujaisha, yowe likalia tena, jua likikaribia kuzama. Mwaisha alitoka na mchi wa kinu, akawafuata wanawake wenzake kuelekea mbugani.

"Unaogopa?" Limi alimwuliza akihema.

"Naogopa sana."

"Hata mimi," alisema Limi. "Kimbia."