Mstari Alioongeza Saoudat

Saoudat alikaa meza ya pili kutoka kwangu, katika ofisi ya telegramu hapa Moroni, miaka ile ambayo mamluki ndio walioamua nani alale kwake. Kazi yake ilikuwa moja: mtu akidai programu ya kompyuta yetu ina kasoro, yeye huithibitisha au huikanusha. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwamkia asubuhi, hujibiwi mpaka karibu na adhuhuri.

Jumatatu moja mamluki walimkamata Soulé, mtuma telegramu wetu wa Mutsamudu, kisiwa cha pili, wakamleta kambini kwao hapa Moroni. Karatasi iliyotoka kwenye mashine yetu ilisema: "Tunakuja watu thelathini Ijumaa bunduki ishirini tayari." Soulé aliapa kwamba alituma telegramu mbili: moja ya watu wa kijiji cha Patsy wanaokuja kwenye harusi kubwa, nyingine ya kambi ya mamluki, kuhusu bunduki zilizotoka kwa fundi. Afisa wa mamluki akasema akiiona kasoro hiyo kwa macho yake Alhamisi, atamwachia.

Saoudat aliishuku kumbukumbu ya kompyuta. Sehemu moja ya programu huweka ujumbe humo, nyingine huuchapa. Ya kwanza ikiachia nafasi ya ujumbe huo kabla mwenzake hajamaliza kuchapa, ujumbe mpya huingia juu ya ule wa zamani. Alituma telegramu mbilimbili siku mbili mfululizo, kila mashine ilipokuwa haina kazi nyingine. Katika mara mia tatu, nne zilichanganyika.

Moinafouraha, mke wa Soulé, alikuwa amevuka bahari kutoka Mutsamudu, akakaa kwenye benchi letu na kapu mapajani.

"Fundi Saoudat, zitatosha hizo nne?"

"Zitatosha, dada. Inshallah."

Alhamisi asubuhi afisa akaja. Saoudat, kwa adabu zake, alikuwa ameongeza mstari mmoja kwenye programu ili kila hatua ijiandike kwenye skrini na mgeni asome: nafasi imechukuliwa, nafasi imeachiwa. Ndivyo tulivyolelewa, mgeni haingizwi chumba kisichofagiliwa. Zikatumwa mara mia tano. Haikuchanganyika hata moja. Afisa akatazama saa yake, akaondoka.

Saoudat aliisoma programu upya hadi alasiri, kisha akasema, bila kunitazama, kwamba ni ule mstari. Sehemu ya kwanza ilikuwa ikingoja maneno yaandikwe kwenye skrini kabla ya kuachia nafasi, na kwa kungoja huko ikampa mwenzake muda wa kumaliza. Akaufuta. Jaribio la thelathini na moja, telegramu zikachanganyika.

Nilikasirika. Yeye aliikunja karatasi ya jaribio hilo, tukaenda kambini sote watatu, pamoja na Moinafouraha.

Askari wa getini, Mngazidja mwenzetu, mtu wa kisiwa hiki, aliisoma yote, akairudisha.

"Huyo hayupo tena duniani."

"Tangu lini?" akauliza Saoudat.

"Tangu afisa aliporudi kutoka kwenu."

Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Moinafouraha alitoa shati safi la Soulé kapuni, akalitazama, akalikunja upya. Kisha akamwomba Saoudat amsomee ile karatasi ya jaribio, maana yeye hakujua kusoma.

Saoudat akamsomea.