Kisanduku Kilichokuwa Kikimsubiri Kaka

Kaka yangu alikufa barabarani, mbele kidogo ya Muyinga, akielekea Kobero mpakani kuchukua mzigo. Simu yake ilisagika pamoja naye. Lakini nyumbani kwetu Gitega, kisanduku cha waifai alichokifunga mwenyewe kiliendelea kuonyesha kwamba simu ile imo ndani ya nyumba. Sikufichi, nywele zilinisimama.

Mama akakataa katakata kufanya kuganduka, sherehe yetu ya kumaliza msiba. Mjane wa kaka akakwama katikati, hawezi kuvua msiba, shangazi zetu wakanuna. Mama alisema hawezi kumaliza msiba wa mtoto aliyeondoka bila kumuaga, tena mashine yenyewe inasema yumo. Akakataza mtu yeyote kuizima. Umeme ukikatika, ilikula betri ya sola.

Mimi ndiye fundi wa mambo hayo, kazi niliyojifunza Tanzania tulikokulia ukimbizini, basi nikatoka Muyinga ninakofanya kazi, nikaja nyumbani na hasira zangu. Tatizo nililiona mapema. Simu na kisanduku hukubaliana: nitakutumia maneno kwa mafungu, nawe utajibu kwamba umepata fungu zima. Simu ikiondoka, draiva, ile programu inayoendesha redio ya kisanduku, inapaswa kuyavunja makubaliano. Hii yetu ilikuwa ya kuokoteza mtandaoni, haikujua kuvunja. Kilipotea kipande kimoja cha fungu la mwisho, ikavishikilia vyote vilivyofuata, ikisubiri hicho kimoja miezi yote ile. Pumbavu kabisa.

Nilimwomba mama niyavunje makubaliano ya simu ile tu. Aliendelea kusonga ugali, mwiko mkononi.

"Fanya," akasema. "Lakini mtoto iko hapa. Utaona."

Nikaandika amri. Jina la kaka likatoweka kwenye orodha. Papo hapo kispika cha jikoni, ambacho kaka alikuwa akimwitia mama kwa simu akiwa uani, kikakwaruza. Ikatoka sauti yake, imekatika mwanzo.

"...haya mama, mimi naenda."

Draiva ikivunja, huachia ilichokishikilia. Nilijua hivyo, na bado niligeuka kuangalia mlangoni. Aliaga asubuhi ile ya safari akiwa getini, pale mawimbi yanapoishia, na maneno yakabaki ndani ya kisanduku.

Mama aliweka mwiko chini, akakigeukia kispika.

"Haya, mwanangu. Nenda."

Kisha akatuambia tuloweke mtama wa pombe ya kuganduka.