Aliyeiandika Cherehani Tuliyoificha

Mama alikuwa na ugonjwa wa kuficha vitu. Nasema ugonjwa kwa mapenzi, maana kule Walukuba, Jinja, vita vilipokwisha, karibu kila nyumba iliugua hivyo hivyo. Askari wa kila upande walikuwa wamepita mtaani kwetu, na walichokiona walikitaka. Watu wakajifunza kutoonyesha. Sisi vita vilitunyang'anya baiskeli, redio, godoro zuri, na baba, aliyetoka asubuhi kwenda kiwandani asirudi tena. Kilichobaki cha maana kilikuwa cherehani ya mama, ile ya kukanyaga kwa miguu. Ndiyo iliyotulisha, mimi na wadogo zangu wawili.

Nyumba ilikuwa ya kiwanda, na kiwanda kilikuwa kimefungwa. Tukaambiwa tutoke kabla ya mwezi kwisha. Mjomba akatupatia chumba Mbale, chenye baraza inayotazama barabara, mahali pazuri kwa fundi wa nguo. Sasa nani angetufikishia cherehani huko? Ikipotea njiani, mama angebaki mjane mwenye watoto watatu katika mji wa watu, bila kazi ya mikono yake. Aliyasema hayo kila siku, hata alipokuwa akipepeta mchele.

Wenye malori waliokuja walikuwa wawili. Wa kwanza tulikuwa tukimwona msikitini, kanzu safi, ananukia vizuri. Alisimama mlangoni, hakuingia hata hatua moja, akataja bei ndogo. "Usijali, dada," akasema. "Mizigo ya nyumba naijua. Tutaelewana huko huko." Mama alimpenda papo hapo. Mtu asiyechungulia ndani ya nyumba ya mwenzake, kwa mama, alikuwa muungwana.

Wa pili aliwahi kuwa dereva wa magereza, Mkristo kutoka kaskazini, mrefu mpaka akainama mlangoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha askari, na siku zile Kiswahili cha namna hiyo kikibisha hodi kwako, ulitafuta mlango wa nyuma.

"Mama, mimi naingia ndani," akasema. "Lazima naona vitu yote."

Mama alikuwa amejiandaa. Asubuhi ile tulikuwa tumeshahamishia nusu ya nyumba kwa jirani: cherehani tuliifunika magunia ya makaa, masufuria makubwa tukayasukuma chini ya kitanda chake. Nyumbani tuliacha kitanda, kabati, mikeka, vyombo vichache na pasi ya makaa. Yule bwana akazunguka polepole. Aliinua pembe ya kabati apime uzito. Aliinama akapapasa sakafu. Akauliza kama huko Mbale gari linafika mlangoni au tutabeba kichwani. Kisha akaandika orodha kwa penseli, akataja bei, akamwachia mama karatasi, akaaga.

Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi. Kitanda, kimoja. Kabati, moja. Pasi ya makaa, moja. Nikafika mstari wa mwisho, nikaurudia mara mbili. Cherehani ya miguu, moja.

Mama akaketi chini. "Ametumwa huyu," akasema. "Nani kamwambia?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijiona nina akili kuliko ukoo mzima. Nikamwambia bila shaka yule bwana bado ana rafiki zake kambini, na kwamba tukimpa mizigo hatutaiona tena. Tukaafikiana: tutakwenda na mwenye kanzu.

Jirani yetu, yule aliyetuhifadhia vitu, aliposikia alicheka mpaka akajishika mbavu. Dada yake alikuwa amehama na huyo huyo mwenye kanzu, kutoka Walukuba kwenda Bugembe tu, mwendo wa miguu. Walipofika, bwana akaketi nyuma ya lori akasema mizigo imezidi, na kitanda hakikushuka mpaka dada mtu alipoongeza pesa. "Unadhani kwa nini hakuingia ndani?" jirani akauliza. "Alifanya makusudi, ili akifika huko ashangae."

Kesho yake mama akamwita dereva wa magereza, akamuuliza bila kuzunguka, "Bwana, nani alikuambia nina cherehani?"

Akamwonyesha sakafu. Karibu na dirisha palikuwa na alama nne za kutu, doa la mafuta, na vipande vya uzi vilivyojibana kwenye ufa wa saruji. Tulikuwa tumepita juu yake kila siku.

"Mama, siku hizi kila nyumba wanaficha," akasema. "Mimi sikasiriki. Lakini kama siandiki, naleta gari ndogo, halafu tunagombana. Na kama kitu inapotea na haiko kwa karatasi, utaniuliza nini? Yenye iko kwa karatasi, hiyo iko juu yangu."

Mama alicheka kwa aibu, akijifunika mdomo kwa mtandio. Akanituma kwa jirani kuleta vyote. Bwana akaongeza masufuria kwenye orodha, bei ikapanda kidogo, akaeleza ni kwa nini. Mimi nikajifanya nafagia, maana sikujua niweke wapi uso wangu.

Tulisafiri mchana, cherehani imefungwa kwa kamba chini ya turubai. Mbele ya Iganga palikuwa na kizuizi. Askari mmoja kijana akapanda, akaigonga cherehani kwa kitako cha bunduki. "Hii mmeiba wapi?" Dereva akampa karatasi, naye askari akahesabu kitu kimoja kimoja, midomo ikichezacheza. Mama alinishika mkono mpaka ukaniuma. Cherehani ikapita. Ila askari aliposhuka alikuwa na pasi yetu mkononi.

"Afande, hiyo iko kwa karatasi yangu," dereva akasema.

"Basi andika: afande amechukua," akajibu, na wenzake wakacheka.

Mbale, dereva alishusha kila kitu huku nikimsomea orodha. Kwenye pasi akasema, "Hiyo nitaleta." Mama akamwambia aachane nayo, cherehani imefika, Mungu ambariki. Tulijua ni maneno ya kuagana tu.

Zikapita wiki. Mama alishona barazani, akiazima pasi kwa majirani mpaka wakaanza kumkwepa. Siku moja lori likasimama mbele yetu. Yule bwana akashuka na pasi ya makaa iliyofungwa kwenye gazeti. Haikuwa ile yetu, hii mpini wake ulikuwa mpya. Akatoa karatasi ile ile, imechakaa kwenye mikunjo, akaniomba niandike kwamba imefika.

Mama akaipokea, akaipakata, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mbele ya wateja, jambo ambalo hakulifanya hata siku tulipoacha kumngoja baba. Dereva wa watu akasimama pale kofia mkononi, akiniuliza kwa macho amekosa nini. Nilishindwa kumweleza. Tangu vita vianze, vitu vilikuwa vinatoka tu nyumbani kwetu. Hiki kilikuwa cha kwanza kurudi.